Vyeo kwa Wino, Majina kwa Penseli

Kijitabu chenyewe nilikinunua shilingi mia moja na hamsini kwenye kibanda cha fotokopi, hatua chache kutoka Posta, Barabara ya Digo, Mombasa. Jalada la manjano, herufi kubwa: maswali mia tano ya matukio ya sasa pamoja na majibu yake. Ilikuwa katikati ya mwaka 2024, nami nimeitwa kufanya mtihani wa mchujo wa kazi katika taasisi moja ya umma. Nilikikariri siku kumi na moja. Kwenye feri nakariri, kwenye matatu nakariri, mama akaniuliza kama nimeanza kusoma dua mpya.

Ukurasa wa tatu nikakuta Jaji Mkuu wa Kenya ni David Maraga. Nikacheka. Maraga alistaafu Januari 2021, na Martha Koome akaapishwa Mei mwaka huohuo. Nikatoa kalamu, nikalikata lile jina, nikaandika Koome juu yake, nikaendelea na safari nikijiona mjanja.

Ujinga wangu ulikuwa papo hapo. Maraga nilimsahihisha kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari. Lakini mji mkuu wa Burundi sikuwa naujua, kwa hiyo Bujumbura niliimeza kama nilivyopewa, na wenzangu walijua kwamba tangu 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega, Bujumbura imebaki mji wa biashara. Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki? Kijitabu kilisema sita. Kwenye karatasi ya mtihani kulikuwa na sita, saba na nane, mimi nikatia alama kwenye sita bila hata kupepesa jicho. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imeingia 2022, Somalia ikakamilisha uanachama wake Machi 2024. Nane. Habari ya Somalia ilikuwa na miezi michache tu, na ndiyo hasa waliyoitaka.

Sikuitwa tena. Tangu hapo, kijitabu nikikikuta kimechacha mahali pamoja nakihesabu kimechacha chote. Huwezi kukisafisha kwa kalamu, kwa sababu utasahihisha yale unayoyajua tu, na hayo hayakuwa na haja ya kijitabu.

Mara ya pili nilinunua daftari nene la jalada gumu na penseli. Kanuni niliyojiwekea ni hii: cheo, taasisi na kifungu cha sheria naandika kwa wino, jina la mtu naandika kwa penseli, na pembeni tarehe niliyoliandika. Jina lina siku yake ya kuisha kama maziwa ya pakiti. Cheo hakiishi haraka hivyo.

Chukua habari ya Naibu Rais mwaka 2024. Wengi wa tuliokuwa tukisoma pamoja waliandika mstari mmoja: Gachagua ametoka, Kindiki ameingia. Ukiishia hapo una jibu moja. Mimi nilianza na Katiba ya 2010. Kifungu cha 150 kinaeleza Naibu Rais anavyoweza kuondolewa. Inahitajika thuluthi mbili ya wabunge, halafu thuluthi mbili ya maseneta. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila kumhesabu spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, 12 wa kuteuliwa. Thuluthi mbili yake ni 233. Tarehe 8 Oktoba wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa, Seneti ikakubaliana nao tarehe 17. Kisha kifungu cha 149: Rais ana siku 14 za kupendekeza jina jipya, na Bunge la Kitaifa lina siku 60 za kulipigia kura. Kithure Kindiki aliapishwa tarehe 1 Novemba. Hesabu mwenyewe ni maswali mangapi yametoka kwenye habari moja, na ni mangapi kati ya hayo yatabaki kweli hata Naibu Rais akibadilika mara tatu.

Lakini aliyenifundisha kusoma habari hasa si daftari. Ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, rafiki wa marehemu baba, ambaye baada ya Isha hukaa barazani na birika la kahawa likipita. Pale hakuna aliyesoma kwa ajili ya mtihani, na hakuna habari inayoachwa ipite bila kufanyiwa uchunguzi. Usiku mmoja mazungumzo yakafika kwenye meli zinazoshambuliwa na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, jambo lililoanza mwishoni mwa 2023. Nikasema naijua habari hiyo. Mzee akanitazama.

"Waijua? Haya, meli yatoka Ulaya yaja Kilindini. Yapita wapi?"

"Suez."

"Kisha?"

Nikanyamaza. Akachovya kidole kwenye kikombe cha kahawa, akachora Afrika juu ya jiwe la baraza, pembe yake ikachongoka kuelekea kwangu. Huu Suez, mfereji, umefunguliwa 1869. Hii Bahari ya Shamu. Akavunja kashata, kipande akakiweka upande wa Yemen, kipande upande wa Djibouti. "Hapa katikati ni Bab el-Mandeb, mwanangu. Huyu akiufunga mlango, meli yazunguka huku," kidole kikateremka mpaka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda tena mpaka kwetu, kahawa ikaanza kukauka njiani. "Siku zaongezeka, mafuta yaongezeka, bima yaongezeka. Nani alipa?" Kijana mmoja anayefanya kazi kwa wakala wa forodha akasema kwa uchungu: "Mwenye kontena." Mzee akala Djibouti.

Tangu usiku ule sisomi habari ya nje bila ramani. Ukiniuliza faida ya Kongo kuingia katika Jumuiya, nitakwambia kwa ramani: sasa Jumuiya imetoka Bahari ya Hindi imegonga Atlantiki, kwa sababu Kongo ina kipande kidogo cha pwani upande wa pili. Somalia nayo imeleta pwani ndefu kuliko ya nchi yoyote ya bara letu ukiacha visiwa. Namba nane haiwezi kunitoka tena, kwa kuwa sikuikariri.

Kwa magazeti, Taifa Leo inanitosha kwa siku za kawaida, na ripoti za redioni jioni. Ijumaa hutoka Gazeti Rasmi la Serikali, na uteuzi wa watu kwenye mashirika ya umma uko humo kabla haujachakachuliwa na makundi ya WhatsApp. Makundi hayo niliyatoka yote isipokuwa moja, na hilo ni kwa sababu ya binamu yangu. Mtu anatuma "maswali yaliyovuja" saa nne usiku, mji mkuu wa Kazakhstan humo bado ni Nur-Sultan, na mji huo umerudishiwa jina la Astana tangu 2022.

Michezo usiidharau, ila usiipe wiki nzima. Olimpiki ya Paris 2024 Kenya ilipata dhahabu nne: Beatrice Chebet mbili, mita 5,000 na 10,000, Faith Kipyegon mita 1,500, ya tatu mfululizo kwake, Emmanuel Wanyonyi mita 800. Jua pia kwamba Kombe la Afrika la 2027 linaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Yanatosha.

Panapotuangusha sana watu wa Pwani ni nyumbani. Mtu atakutajia katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, umuulize maeneobunge ya Mombasa aanze kuhesabu kwa vidole na kukwama kwenye la tano. Ni sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Kaunti yetu ni nambari 001. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno 1593, ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2011. Gede, kule Kilifi, ikaingia 2024, na hiyo ya Gede ndiyo inayoulizwa kwa sababu ni mpya.

Mtihani wa pili nilipita, kazi ninayo, ingawa kwanza nililazimika kukaa mbele ya watu watano na meza ndefu. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, alisoma anwani yangu kwenye karatasi.

"Unakaa Likoni. Kwa hiyo asubuhi umevuka na feri."

"Ndiyo, mama."

"Kwa mujibu wa Katiba, feri ni kazi ya serikali gani?"

Miaka yote nimevuka pale, na laiti ningeulizwa mwaka mmoja kabla ningejibu serikali kuu bila kufikiri, maana ndiyo niliyoiona ikiziendesha. Nikasema: Jedwali la Nne, sehemu ya pili, feri na bandari zimewekwa kwa kaunti, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Nikaongeza kwamba hata hivyo huduma ya Likoni imeendelea kuwa mikononi mwa serikali ya kitaifa.

"Kwa nini?" akauliza bwana mmoja wa mwisho wa meza.

Mwenzake akacheka, akasema hilo hata wao wanalingojea jibu. Mwenyekiti aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akaniuliza niliondoka nyumbani saa ngapi ili nifike mapema hivyo. Nikamwambia saa kumi na moja alfajiri.