Kisukari kwa vijana: figo zinapoanza kuathirika, mwili hausemi

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 15 na ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9. Siku hizi anaamka kukojoa mara mbili tatu usiku. Kliniki walipima mkojo kwa kijiti wakasema hauna protini, na kreatinini (taka ya mwili inayochujwa na figo) kwenye damu ni ya kawaida. Je, figo zake ni salama? Dalili za mwanzo ni zipi?

Jibu: Mama, nianze na hilo la kuamka usiku, maana linawatisha wazazi wengi. Kwa kijana mwenye kisukari, mara nyingi hiyo ni sukari iliyopanda. Ikivuka takriban 10 mmol/L, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, basi inatoka na mkojo huku ikivuta maji. Mpime sukari saa hizohizo anapoamka.

Figo zenyewe zinapoanza kuathirika, mgonjwa hahisi chochote. Haumwi kiuno, havimbi, hachoki. Kinachotangulia ni vichujio vya figo kupitisha protini iitwayo albumini, kidogo sana, na kijiti cha kawaida hakiinasi mpaka iwe nyingi. Kreatinini nayo haisaidii hapa: katika hatua hii figo huweza hata kuchuja kupita kiasi, na majibu yakaonekana mazuri mno. Kwa hiyo majibu mliyopewa si mabaya, ila hayajajibu swali lako.

Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo. Chini ya 30 mg/g ni kawaida, 30 hadi 300 ni uvujaji wa mwanzo, na zaidi ya hapo ni uvujaji mkubwa. (Maabara yenu ikiandika mg/mmol, ukomo wa kawaida ni 3.) Kwa aina ya kwanza huwa tunaanza kukipima mtoto anapobalehe au kufika miaka 10 hivi, akiwa ameishi na ugonjwa miaka 5, kisha kila mwaka. Binti yako ameshafika. Mwenye aina ya pili hupimwa mara tu anapogundulika, kwani kwa vijana aina hiyo huziumiza figo mapema.

Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wapo vijana wanaovuja albumini mchana kwa sababu tu wamesimama na kutembea, wala hawana ugonjwa. Hedhi, homa, maambukizi ya njia ya mkojo na mazoezi makali ya siku iliyotangulia navyo hupandisha majibu. Kipimo kimoja kikiwa juu, kirudiwe. Tunathibitisha tatizo pale viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi 3 hadi 6, vinapokuwa juu.

Na presha ipimwe kila mnapokwenda kliniki. Vijana hurukwa sana, eti presha ni ya watu wazima! Kuanzia miaka 13, 120/80 inatakiwa kufuatiliwa, na 130/80 kwenda juu ni shinikizo la juu la damu likijirudia.

Uvujaji wa mwanzo ukigunduliwa, mara nyingi unaweza kurudi nyuma. DCCT, utafiti mkubwa wa kisukari aina ya kwanza uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kuwa kudhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza kutokea kwa uvujaji huo kwa asilimia 39. Zipo pia dawa za presha zinazolinda figo, kama enalaprili na losartani, lakini huweza kumdhuru mtoto tumboni mtumiaji akipata mimba, hivyo daktari azungumze na binti mwenyewe, si wewe peke yako. Diklofenaki au ibuprofeni za maumivu ya hedhi asizizoee bila kuuliza, maana huweza kuumiza figo.

Uso kuvimba asubuhi, mkojo wenye povu lisiloisha au wenye damu si dalili za mwanzo tena. Damu hasa hutufanya tutafute ugonjwa mwingine wa figo usiotokana na kisukari. Akiona lolote kati ya hayo, aonwe na daktari wiki hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki.