Afisa wa sitaha kwenye feri: kazi kubwa iko gatini, kabla kamba hazijafunguliwa

Mkuu, umeuliza kama afisa wa sitaha kwenye feri ana kazi gani zaidi ya kusimama juu na darubini wakati nahodha anaendesha, na kama mdogo wako aliyemaliza shule ajaribu njia hiyo. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye feri za abiria na magari. Nilianza afisa wa tatu, nikawa wa pili, sasa ni afisa mkuu. Naona waliotangulia kukujibu wameeleza vizuri mambo ya meli za mizigo za masafa marefu, ila feri ina mambo yake.

Wenzetu wa masafa marefu wakishang'oa nanga wanaweza kukaa wiki mbili wasione gati. Sisi tunafunga na kufungua mara sita, nane kwa siku, njia ile ile, na abiria wengine tunawajua kwa sura. Hapo ndipo hatari ilipo. Safari ya mia tatu ukiikagua kama ya kwanza, watu wanakuona msumbufu. Ukiacha kuikagua, siku moja inakugeukia.

Chuoni tulisomeshwa habari ya feri ya Herald of Free Enterprise, iliyopinduka tarehe 6 Machi 1987 ikitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji. Watu 193 walikufa. Haikuwa dhoruba wala mwamba. Iliondoka gatini milango ya omo, yaani ya mbele ya meli, ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari. Baharia wa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake, afisa aliyepaswa kuhakikisha alikuwa ameshapanda juu kwa ajili ya kuondoka, na nahodha hakuwa na taa yoyote ya kumwonyesha hali ya milango. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamaliza. Siku hizi taa ziko kwenye chumba cha usukani, lakini mimi bado namtaka serahangi, kiongozi wa mabaharia, aniambie redioni kwa maneno, "mlango wa omo umefungwa na kukazwa," nami nairudia sentensi nzima. Taa huungua, waya huliwa na kutu.

Kwa nini maji kidogo yapindue chombo kikubwa hivyo? Sitaha ya magari, yaani sakafu yanapoegeshwa, iko wazi toka omo hadi tezi, yaani nyuma ya meli, haina kuta za kuigawa, vinginevyo magari yasingepita. Chukua sinia pana, tia maji ya kina cha kidole, jaribu kutembea nalo. Likiinama kidogo, maji yote yanakimbilia upande huo, nao uzito wake unaliinamisha zaidi. Ndiyo maana hata maji ya kuzimia moto kwenye sitaha ile yanatutia wasiwasi, na tunakagua kama mifereji ya kuyatoa haijazibwa na takataka.

Sasa upakiaji, ambao ndio moyo wa kazi ya afisa mkuu. Naamua gari gani linaingia lini na linakaa wapi. Mazito chini na karibu na mstari wa katikati, kulia na kushoto kulingane, omo isizame kuliko inavyotakiwa. Kila lori linawekewa kabari, breki ya mkono, kisha mikanda au minyororo kulingana na hali ya bahari. Mzigo wa hatari, mitungi ya gesi au kemikali, una mahali pake na karatasi zake. Na madereva husema uongo! Jioni moja lilikuja lori, hati yake inasoma tani kumi na nane. Nilikuwa kwenye rampu. Lilipokanyaga sitaha nilisikia chombo kikishuka kwa namna ambayo tani kumi na nane hazishushi. Nikamtuma kijana akasome namba zilizochorwa ubavuni zinazoonyesha chombo kimezama kiasi gani. Tezi ilikuwa imeshuka kuliko hesabu yangu, na tulikuwa tumeinama kushoto kidogo. Dereva alikana, akaapa, mwishowe akakubali kuna mzigo wa ziada aliouchukua njiani. Tulimshusha. Wakala wake alimpigia nahodha kelele, nahodha akanitazama, nikasema, "Kapteni, kwa lori hili mimi sisaini." Tukaondoka dakika arobaini nyuma ya ratiba. Siku hiyo sikupendwa na mtu.

Uwezo wa kusema "hatuondoki" mbele ya mtu mwenye cheo kuliko wewe haumo kwenye mtihani wowote, na kwa maoni yangu unazidi hesabu zote za chuoni.

Kuhesabu watu nako watu hukudharau. Sheria ya kimataifa ya usalama wa maisha baharini, SOLAS, inataka kila aliyemo ahesabiwe kabla ya kuondoka. Nilipokuwa afisa wa tatu, kimashine changu cha kubofya kilisoma 412, tiketi zikasema 398. Wa tiketi akanicheka, eti kidole changu kina wasiwasi. Tukahesabu upya. Tofauti ilikuwa watoto wa mgongoni. Hawana tiketi, lakini kila mmoja anahitaji jaketi lake la kujiokolea, na jaketi la mtu mzima halimfai. Kwa safari zisizofika saa 24, majaketi ya watoto wachanga yasipungue asilimia 2.5 ya idadi ya abiria, na ya watoto wakubwa kidogo asilimia 10, au zaidi ili kila mtoto apate la kwake. Bila hesabu sahihi utajuaje kama yanatosha?

Tukishaondoka, ndipo inakuja ile kazi unayoiona ukiwa abiria: zamu ya usukani. Ndiyo, kuna rada, kuna chati za kielektroniki, kuna chombo kinachoonyesha majina ya meli nyingine. Ila kanuni za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinadai kwanza macho na masikio. Niliwahi kuwa nimeinamia rada usiku, skrini safi kabisa, baharia wa kuangalia mbele akapiga kelele, "Taa! Omo kulia!" Ilikuwa tochi ya mvuvi kwenye mashua ya mbao. Mbao hairudishi vizuri mawimbi ya rada, na kukiwa na mawimbi ya bahari mashua kama ile inapotea kabisa kwenye skrini. Tulimpita nikiona uso wake. Tangu hapo rada kwangu ni msaidizi.

Kanuni yenyewe ya kujua kama mtagongana ni rahisi: mpime mwenzako kwa dira. Pembe ikibaki ile ile huku umbali unapungua, mnagongana. Mkikatizana na yeye yuko kuliani kwako, wewe ndiye wa kumpisha, na umpishe mapema, kwa kona kubwa anayoweza kuiona. Vidigrii viwili viwili havimwambii kitu. Ukiwa na shaka na anachokusudia, honi fupi tano. Kwenye maji mafupi punguza mwendo, maana chombo kinachokimbia juu ya kina kidogo kinazama zaidi ya kilivyozama gatini, na usukani unakuwa mzito.

Wakati wa kufunga gati nahodha anabaki juu, afisa mmoja yuko omo na mwingine tezi. Wewe ndiye macho yake: "Tezi, mita thelathini... ishirini... kumi, tunasogea vizuri." Ukinyamaza sekunde kumi, anaendesha kipofu. Na usiruhusu mtu asimame kwenye njia ya kamba iliyokazwa. Ikikatika, inarudi kwa kasi ambayo hakuna anayeikwepa.

Abiria nao ni somo zima. Tukikaribia gati wote husimama na kukimbilia upande wa kutokea, na chombo huinama kweli. Kwenye dharura, mtu atataka kutokea pale alipoingilia, hata kama mlango wa karibu uko nyuma yake, na hataondoka bila kumpata mwanawe. Kwa hiyo afisa wa feri husomea pia kuongoza umati, juu ya mafunzo ya kawaida. Tukitangaza, maneno machache, sauti tulivu, jambo moja moja. Lakini utulivu pekee hautoshi. Feri ya Sewol ya Korea Kusini ilipozama tarehe 16 Aprili 2014, abiria waliambiwa kwa utulivu wabaki walipo, wakabaki, na watu 304 walipoteza maisha. Watu wakishakusanyika na kuvaa majaketi, mashua zote za kuokolea zinatakiwa ziweze kushushwa ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuacha meli itolewe. Mazoezi yetu ni ya kila wiki, na ndiyo, yanachosha.

Kuhusu njia ya kuingia: kuna mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Kwa cheti cha kwanza cha afisa wa zamu kwenye meli ya tani 500 kwenda juu, mdogo wako awe na miaka 18 kamili, asome kozi iliyoidhinishwa, na awe na miezi 12 baharini yenye kitabu cha mafunzo, ambamo miezi 6 ni ya zamu za usukani chini ya msimamizi. Kuna pia njia ya miezi 36 baharini kwa anayepanda kutoka ubaharia, naye bado atasoma na kufanya mtihani. Aongeze cheti cha redio. Kila miaka 5 unathibitisha upya kwamba bado unafaa.

Kupumzika ni saa 10 kwa uchache katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Kwenye karatasi. Feri za njia fupi ndizo zinazojaribu sana kanuni hii, kwa sababu usingizi unakatwa na kila gati, wakati sheria inataka kipande kimoja kisipungue saa 6 mfululizo. Mdogo wako akifika kazini aandike saa zake za kweli, hata akiambiwa "jaza tu kama kawaida."

Na kabla hamjalipa ada popote, mpeleke akapimwe macho, hasa kutofautisha rangi. Usiku meli inakuambia inaelekea wapi kwa taa nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia. Nilisoma na kijana hodari wa hesabu kuliko sisi sote, akapimwa muhula wa pili, nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Alifungasha siku hiyo hiyo.