Mafuta ya alizeti na radikali huru

Ndugu, umeuliza kwa nini mafuta ya alizeti ya Lira huchacha kabla ya mawese ya Kalangala, zote za Uganda, na nguvu ya bondi, yaani kifungo kinachoshika atomu mbili pamoja, inahusikaje na radikali huru. Bondi ikikatika katikati, kila upande huondoka na elektroni moja. Kipande chenye elektroni hiyo isiyo na mwenzi ndicho radikali huru. Bondi dhaifu, radikali rahisi kuzaliwa.

Kung'oa hidrojeni kwenye gesi ya methani kunataka nishati ya kilojuli 439 hivi kwa moli (kipimo cha wingi wa molekuli). Lakini asidi ya linoleiki, aina ya asidi ya mafuta ambayo alizeti ya kawaida imejaa, ina kaboni iliyobanwa kati ya bondi mbili maradufu. Hidrojeni ya hapo hung'oka kwa 320 hivi tu, maana elektroni inayobaki hutandaa kwenye kaboni tano na kutulia. Oksijeni huidaka radikali hiyo papo hapo, ikazaa radikali mpya iitwayo peroksili, nayo ikapora hidrojeni ya molekuli jirani na kugeuka peroksidi; jirani naye sasa ni radikali, na mnyororo umeanza. Mawese yana linoleiki kidogo, ndiyo maana huchelewa kuchacha.

Sasa wewe ukianika dumu jeupe la mafuta juani mbele ya duka, kama wengi wafanyavyo, unaharakisha mambo! Peroksidi zilizokwisha jikusanya zina bondi legelege ya oksijeni kwa oksijeni. Joto na mwanga huipasua, radikali zikaongezeka. Vitamini E huchelewesha mambo kwa kutoa hidrojeni yake kwanza.