Maswali na Majibu: Tufuate propofoli kwa upasuaji wa saratani ya ubongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 41, amekutwa na uvimbe wa saratani upande wa kushoto wa ubongo, upasuaji ni baada ya wiki mbili. Tumesoma kwamba wanaolazwa usingizi kwa propofoli ya kwenye mshipa wanaishi zaidi ya wanaovutishwa gesi. Tuahirishe tutafute hospitali ya propofoli? Mganga mmoja wa mitishamba anasema nusukaputi inaamsha saratani, ametupa chupa ya kunywa na kusema vidonge vya hospitali tuviache. (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba. Msiahirishe.

Mlichosoma kina chanzo. Katika baadhi ya majaribio ya maabara, gesi kama sevoflureni imeonekana kuzichangamsha seli za saratani. Watafiti wakafukua mafaili ya wagonjwa wa glioma, yaani saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe: wengine wakaona nafuu kwa propofoli, wengine hawakuona tofauti. Lakini faili la zamani halikuelezi kwa nini daktari alimchagulia mgonjwa yule dawa ile. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 2000 wenye saratani ya titi, waliogawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja propofoli na ganzi ya kando ya uti wa mgongo, jingine sevoflureni na dawa za jamii ya morfini. Saratani ilirudi kwa asilimia 10 kote kuwili. Titi si ubongo, najua. Ila siwezi kumwambia mtu auze shamba kwa kufuata jina la dawa.

Hapa Moshi mimi mwenyewe hupenda propofoli kwa kichwa, kwa sababu nyingine kabisa. Inapunguza damu inayoingia kwenye ubongo, ubongo unatulia, mpasuaji anapata nafasi. Gesi ikizidi hutanua mishipa. Ikiwa kidogo, na mashine ikimpumulisha mgonjwa vizuri, kazi inafanyika salama.

Kwa kuwa uvimbe uko kushoto, mwulizeni mpasuaji kama uko karibu na sehemu ya kuongea. Wagonjwa wengine huamshwa katikati ya upasuaji. Ngozi ya kichwa inapigwa ganzi, ubongo wenyewe hausikii maumivu, mgonjwa anataja picha anazoonyeshwa huku mpasuaji akipima wapi akate na wapi aache. Uamuzi huo una uzito kuliko jina la dawa.

Sasa hiyo chupa. Nimechoka na chupa hizi. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyeacha deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, siku tano kwa sababu mtu alimwambia inamvimbisha uso. Fuvu lilipofunguliwa, ubongo ulisukuma utando wake kama unga wa maandazi ulioumuka kupita bakuli. Tukainua kichwa cha meza, tukampa manitoli ya kunyonya maji kwenye ubongo, tukaharakisha pumzi za mashine. Muda mrefu ulikwenda kabla uvimbe haujaguswa, na propofoli ilikuwa inatembea kwenye mshipa wake tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, mwili uliozoea deksamethasoni ukikatishwa ghafla, presha inaweza kuporomoka mgonjwa akiwa usingizini. Vidonge vya degedege navyo ni hivyohivyo: ukiviacha, kifafa kinarudi.

Mwaka 2011 mkoa wenu wa Arusha uliona misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha dozi zao kwa ajili yake. Anayewauzia chupa leo hatakuwepo damu itakapogoma kuganda. Vidonge vya kitunguu saumu, aspirini ya dukani, mizizi msiyoijua jina, vyote vinaweza kuleta damu isiyokata, na ndani ya fuvu hakuna pa kuiweka. Msinifiche kwa kuona aibu, sitamfokea mtu.

Mdogo wako aendelee na vidonge vyake, vikiwemo vya asubuhi ya upasuaji kama atakavyoelekezwa. Chupa asiinywe, wala msiimwage. Njooni nayo siku ya kuonana na daktari wa usingizi, na mtaje amekunywa vikombe vingapi.