Uhusika wa uelekeo katika lugha ya kubuni ya Kigermaniki: kiambishi kitoke wapi?

Mkuu, umesema unaunda lugha yenye sura ya Kigermaniki (ukoo wa Kijerumani, Kiingereza na Kiaislandi) na unataka nomino zake ziwe na uhusika, yaani umbo la nomino linaloonyesha kazi yake katika sentensi, na huo uwe wa uelekeo: umbo moja la neno "msitu" lenye maana ya kwenda msituni bila kihusishi. Unahofia lugha itaacha kufanana na jamaa zake. Nimehangaika na jambo hilihili kwenye lugha yangu kwa miaka minne, na mara ya kwanza niliharibu, kwa hiyo naanza na kosa lenyewe.

Nilichukua kiambishi kilichonipendeza masikioni, -an, nikakibandika kwenye kila nomino. Jedwali likavutia. Nilipoanza kutafsiri hadithi, mambo yakakataa. Lugha hizi tayari zina njia ya kuonyesha uelekeo: Kijerumani husema in dem Wald, kwa dativu (uhusika wa mpokeaji), mtu akiwa msituni, na in den Wald, kwa akusativu (uhusika wa mtendwa), akiingia msituni. Kiaislandi nacho kina í skóginum na í skóginn. Akusativu yangu na kiambishi kipya vikawa vinagombania kazi moja, nami sikuweza kueleza kwa nini msemaji achague hiki aache kile.

Tena hakikuwa na ukoo. Kigermaniki cha awali, kwa jinsi wanaisimu walivyokiunda upya, kilikuwa na nominativu (wa mtenda), akusativu, jenitivu (wa umiliki), dativu, uhusika wa kifaa na wa kuita. Wa uelekeo haumo. Mkazo ulipokaa kwenye silabi ya kwanza ya mzizi, miisho ya maneno ilidhoofika karne baada ya karne. Ile -e ya nach Hause, "kwenda nyumbani", ni mabaki ya dativu ambayo Kijerumani cha leo kimeiacha karibu kila mahali. Sasa kiambishi changu dhaifu kilinusurika vipi wenzake wakipukutika? Na lililoniuma zaidi niligundua baadaye: katika lugha za Skandinavia -an ni ya kutoka. Kiaislandi kina heim (kwenda nyumbani), heima (kuwa nyumbani), heiman (kutoka nyumbani), na norðan ni "kutoka kaskazini". Nilikuwa nimeweka kinyume kabisa.

Kilichonitoa hapo ni kusoma jinsi uhusika mpya unavyozaliwa. Katika hati ya Tihany ya mwaka 1055, iliyoandikwa kwa Kilatini, mna maneno machache ya Kihungaria: feheruuaru rea meneh hodu utu rea, "hadi kwenye barabara ya jeshi iendayo Fehérvár". Hapo rea bado limesimama peke yake nyuma ya nomino. Leo limemezwa, limekuwa kiambishi -ra au -re kulingana na irabu za nomino. Kiambishi chao cha kuingia ndani, -ba/-be, chimbuko lake ni neno la matumbo. Hilo lisitushangaze sisi, maana wapo wanaisimu waliotetea kwamba -ni yetu katika neno "nyumbani" imetokana na neno la ini.

Ukiona Kihungaria kiko mbali, tazama Kilithuania, ambacho ni ndugu wa Kigermaniki ndani ya familia ya Kihindi-Kiulaya. Kilipachika -na kwenye akusativu, ikapatikana miškan, "kuingia msituni". Umbo hilo sasa limebaki hasa katika lahaja na vielezi kama dešinėn, "kuelekea kulia", lakini lilikuwa hai. Kwa hiyo hofu yako haina msingi, mradi kiambishi kiwe na wazazi.

Na wazazi wamo ndani ya Kigermaniki chenyewe. Kiingereza cha Kale kina hāmweard, Kijerumani kina heimwärts, yote mawili "kuelekea nyumbani", na himmelwärts, "kuelekea mbinguni". Nikachukua kipande hicho: wald + wert ikawa waldwert, kisha w ya katikati ikadondoka, nikabaki na waldert. Kiambishi kinanusurika kwa sababu kilichelewa kufika. Kilikuwa neno kamili lenye mkazo wake wakati miisho ya zamani ilipokuwa inaliwa. Ugomvi na akusativu nao ukaisha, kwani maana ya asili ya kipande hicho ni kugeukia upande fulani. In wald, kwa akusativu, mtu ameingia. Waldert, ameshika njia ya msituni, na pengine hatafika. Tofauti hiyo naipenda kuliko kitu kingine chochote katika lugha yangu.

Wingi utakupa sura ngeni kidogo. Kama wert ilikuwa inafuata dativu, basi waldum (dativu ya wingi) + wert inatoa waldumert, uhusika mmoja juu ya mwingine. Usiusawazishe. Mshono huo ndio ushahidi wa historia yake. Vivumishi navyo usiharakishe kuvipa kiambishi. Kifini husema isoon taloon, "kuingia nyumba kubwa", maneno yote mawili yakibadilika, lakini Kihungaria husema nagy házba na nagy haiguswi. Kiambishi kilichotokana na neno la nyuma ya nomino hukaa kwenye nomino peke yake, kivumishi kikabaki katika dativu yake.

Halafu weka mipaka. Mimi nilikuwa naandika broðert, "kwenda kwa kaka", nikahisi kuna kitu hakikai sawa. Kiswahili ndicho kilinionyesha: tunasema naenda sokoni, lakini naenda kwa mama, hatusemi mamani, na naenda Roma, bila kiambishi. Watu wakapewa kihusishi to pamoja na dativu. Majina ya miji nikayaacha katika akusativu tupu, kama Romam ya Kilatini, "kwenda Roma".

Sasa weka hapa miisho yako ya dativu, umoja na wingi, na useme kama kibainishi chako (neno kama the ya Kiingereza) kinatangulia nomino kama cha Kijerumani au kimegandia mwishoni kama -inn ya Kiaislandi. Kikiwa mwishoni, itabidi uamue kati yake na kiambishi cha uelekeo kipi kilifika kwanza, na hapo waldert inaweza kugeuka neno jingine kabisa.