Uliza Fundi: Msumeno wa Mnyororo na Dumu la Mafuta

Shikamoo fundi. Nina shamba dogo la mikaratusi nyuma ya nyumba yangu hapa Mafinga. Msumeno wangu ulikaa stoo tangu mvua za mwezi wa tatu, na sasa nimeutoa. Unawaka vizuri, lakini nikivuta mafuta unagugumia na kuzimika. Fundi wa pikipiki amezungusha skrubu za kabureta mara tatu bila mafanikio, na sasa anasema injini imechoka, ninunue mwingine. Ni kweli?
Msomaji, Mafinga

Marahaba. Usinunue bado. Injini iliyochoka hupoteza mgandamizo: ukivuta kamba inakuja laini kana kwamba hakuna kitu ndani, na kuwaka kwenyewe huwa kwa kubahatisha. Wako unashika silensa (mwendo wa polepole usipovuta mafuta) na kuzimika pale unapoudai nguvu, maana yake mafuta yanayofika yanatosha kuufanya upumue tu, hayatoshi kuufanya ukate mti.

Nadhani uliuweka stoo tangi likiwa na mafuta. Petroli iliyochanganywa na oili haina maisha marefu, kwa sababu sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto haraka, hupotea hewani, na kinachobaki hugeuka utando unaonata kama asali ndani ya vijitundu vya kabureta. Mchanganyiko ukipita mwezi mmoja mimi siutumii tena kwenye msumeno, hata kama dumu limejaa.

Anza na vitu rahisi. Toa mafuta yote ya zamani, kisha kwa waya uliopindwa kama ndoana vuta mpira ulio ndani ya tangi hadi uone kichujio kidogo kilicho mwishoni mwake; kikiwa cheusi au kizito, weka kipya, na uupinde mpira wenyewe kidogo uone kama una nyufa. Safisha kichujio cha hewa. Fungua plagi: ya rangi ya kahawia ni nzima, nyeusi iliyolowa inaonyesha mafuta yamezidi au hewa haipiti, na nyeupe kavu inaonyesha mafuta ni pungufu, jambo ambalo ndilo ninalolihofia kwako. Yote hayo yakishindikana, kabureta ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa seti mpya ya mipira. Ndani yake kuna kiwambo chembamba ambacho kazi yake ni kucheza juu na chini ili kuruhusu mafuta yaingie. Kikikauka kikawa kinakwaruza kama karatasi ukikigusa, hakuna skrubu itakayokisaidia.

Kuhusu skrubu hizo, mwombe fundi wako azirudishe kwenye vipimo vya kitabu cha msumeno. Injini hii haina oili ya kwake chini kama ya gari. Oili yake yote huja ndani ya petroli, kwa hiyo anayebana petroli anabana na oili, na pistoni inaweza kukwaruzika ndani ya dakika chache za kazi nzito huku mwenye msumeno akifurahia jinsi unavyolia kwa kasi.

Mchanganyiko mpya upime, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Misumeno mingi ya sasa hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa lita moja, au mililita 100 kwa dumu la lita tano. Baadhi ya misumeno ya zamani hutaka 25 kwa 1, ambayo ni mililita 40 kwa lita. Kitabu chako ndicho kiamuzi. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linatosha kabisa kwa kazi hii. Tia nusu ya petroli, tia oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena, kisha andika tarehe juu ya dumu kwa kalamu ya wino mzito. Petroli yenyewe inunue kwenye pampu, si ya chupa za kando ya barabara. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulienea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za siri) kwenye mafuta ili kuubaini, na injini ndogo kama hii haina uvumilivu wa mafuta ya taa.

Fundi, upepo uliangusha mnazi uani kwetu. Kabla sijamaliza kipande cha tatu, msumeno ulianza kutoa moshi palepale unapokata, na mkato unapinda kuelekea kulia. Kwenye petroli nilitia oili ya mashine za boti kwa sababu ndiyo tuliyonayo. Je, ndiyo iliyoleta shida?
Msomaji, Pangani

Oili hiyo ni kosa, ila si hilo lililopindisha mkato. Oili ya mashine za boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Msumeno hupozwa na hewa na huwa na joto kali zaidi. Tafuta oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa na hewa, yenye alama ya JASO FD kwenye chupa.

Mnyororo wako umekuwa butu. Mnazi ni mgumu sana upande wa nje, na gogo lililolala uani huwa limebeba mchanga, ambao humaliza makali kuliko mti wowote. Tazama kinachotoka: jino kali hutoa vipande vinavyoonekana, butu hutoa unga, nawe huanza kukandamiza hadi moshi utoke. Mkato kupinda kulia maana yake ni kwamba meno ya kulia yana makali au urefu kuliko ya kushoto. Noa kwa tupa ya duara ya kipimo kilichoandikwa kwenye boksi la mnyororo (misumeno midogo mingi ya nyumbani hutumia milimita 4.0 au 4.8), ukisukuma mbele tu, kwa pembe ya digrii 30 kwa minyororo mingi, na idadi ileile ya misukumo kwa kila jino. Kile kinundu kilicho mbele ya jino kiwe chini ya ncha yake kwa takriban milimita 0.65, ukikishusha zaidi msumeno utaruka mkononi. Mkato ukiendelea kupinda baada ya kunoa, kingo za bapa linalobeba mnyororo zimelika upande mmoja.

Kwa anayependa kujua, umbo la jino hilo lilibuniwa na Mmarekani Joseph Cox, ambaye mwaka 1946 alimtazama buu wa mdudu anayetoboa miti akitafuna gogo kushoto na kulia, akaiga taya zake.

Je, naweza kutumia oili chafu ya gari kulainisha mnyororo? Huku kwetu kila mtu anafanya hivyo.
Msomaji, Lushoto

Wanafanya, na pampu zao za oili zinakufa mapema. Oili chafu ina chembe za chuma, haigandi kwenye mnyororo unaokimbia, na huwarukia ngozini na kwenye udongo wa bustani yenu. Oili ya mnyororo ikikosekana, oili safi ya injini ni afadhali.

Mnyororo wangu unaendelea kuzunguka hata nikiachia mkono wa mafuta. Mume wangu anasema ni kawaida.
Msomaji, Moshi

Si kawaida, dada, na msumeno huo usikate kitu kwanza. Kwenye silensa mnyororo unapaswa kusimama kabisa. Safisha kichujio cha hewa, kisha punguza silensa kwa skrubu yake, robo mzunguko kwa kila jaribio, bapa likiwa mbali na miguu. Mnyororo ukisimama na injini ikabaki hai, mmemaliza. Ukiendelea kuzunguka, springi za klachi huenda zimekatika au zimelegea, au kuna mahali injini inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta. Hiyo ni kazi ya fundi wa misumeno, na breki ya mnyororo aijaribu palepale kabla hamjaondoka.