FMF: mwambie mama hakuna alichokosea

Mkuu umeuliza inakuwaje mdogo wako kaambiwa ana FMF, ile homa ya kurithi ya Mediterania, wakati baba na mama wazima kabisa, na mama sasa anajilaumu labda ni kitu alikula akiwa na mimba. Ngoja nikujibu kwa kirefu maana naishi nayo tangu nina miaka saba.

Mama aache kujilaumu, hakuna alichokula. Ni jeni inaitwa MEFV, iko kwenye kromosomu ya 16, iligunduliwa 1997. Kila mtu anazo nakala mbili, moja ya baba moja ya mama, ukiwa na mbovu moja kwa kawaida huumwi, unaibeba tu bila kujua, na wazazi wenu inaelekea ndo wako hivyo. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina asilimia 25 ya kutoa mtoto mwenye mbovu zote mbili. Nasema KILA mimba, siyo kwamba mmoja akishaumwa basi waliobaki wamesalimika. Kwetu walidhani hivyo, dada yangu alivyoanza miaka minne baada yangu wakasema ananiigiza, mtoto kateseka bure.

Hiyo jeni inatengeneza protini inaitwa pairini, kazi yake kushtua mwili vijidudu vikiingia, sasa ya kwetu inashtuka hata kama hakuna kitu. Ndo unaona homa inapanda ghafla, tumbo linakuwa gumu kama ubao, kifua kinachoma ukivuta pumzi, au goti linavimba, siku moja mpaka tatu linaisha lenyewe. Mimi nilishapasuliwa nikatolewa kidole tumbo, kumbe kizima, mwezi uliofuata maumivu ni yale yale.

Nani yuko hatarini zaidi? Asili inachangia sana, inaonekana zaidi kwa Waturuki, Waarmenia, Waarabu na Wayahudi. Sisi tuna damu ya Kiarabu pande zote na wazazi wangu ni mabinamu, ndugu wakioana uwezekano unapanda kwa sababu jeni ile ile ya babu inaweza kumfikia mtoto kwa njia zote mbili. Ila usikariri, wapo watu wa asili nyingine wanayo, na wapo waliopimwa ikaonekana nakala moja tu mbovu na bado wanaumwa kweli.

Halafu msichanganye chanzo na kichocheo. Stress, baridi, uchovu, kwa dada yangu hedhi, hivyo vinaamsha tu kitu ambacho tayari kipo.

Kinachoniogopesha mimi siyo homa, ni figo. Uvimbe wa ndani ukiendelea miaka, protini inaitwa amiloidi inajaa kwenye figo mpaka zinakufa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye nakala zote mbili mbovu za aina ya M694V (jina la kasoro mojawapo ya hiyo jeni), kwa wanaume, kwa mwenye ndugu aliyepata amiloidi, na kwa asiyekunywa dawa. Dawa ni kolchisini, inatumika kwa FMF tangu 1972, inanywewa kila siku HATA UKIWA MZIMA. Mimi chuoni niliacha miezi mitano maana nilijiona nimepona, kwenda kupima mkojo una protini. Nililia. Tangu siku hiyo sijaruka dozi, na mkojo napima kila daktari anaponipangia.

Wengi huanza kabla ya miaka 20, kwa hiyo kama nyuma ya huyo kuna wadogo wengine na kuna anayelalamika tumbo linakuja na kuondoka na homa, msimwambie anaigiza, mpelekeni.